B ya Bungoma, P ya papa

Leo tunaweka kando seva na hifadhidata kidogo, tuingie kinywani. Nataka tuzungumze kuhusu konsonanti za Kiingereza, na jinsi mtu aliyelelewa kati ya Kitale na Bungoma anavyoweza kujifunza kuzitamka bila kujidharau. Msiogope, kompyuta itarudi kabla hatujafika mwisho. Mwandishi wa programu hawezi kukaa mbali nayo muda mrefu.

Kwa wasiopajua huku kwetu: Kitale iko Trans Nzoia, katikati ya mashamba ya mahindi, karibu na Mlima Elgon ambao Wabukusu huuita Masaba. Ukipanda matatu Bungoma kuja Kitale utapitia Webuye, Misikhu, Kamukuywa na Kiminini, na katika safari hiyo moja utasikia Kiswahili cha namna nne au tano. Mbukusu anangoja "kari". Mkalenjin amekaa kwenye "pasi". Mkikuyu anataka kufika mapema ale "wari". Mjaluo akiongeza Kiingereza kidogo, samaki wake ni "fis". Sote tunachekana, na kila mmoja anaamini kwamba anayeshrabu ni yule mwingine. Kushrabu, kwa wasomaji wetu wa nje ya Kenya, ni neno la mtaani: maana yake ni kuingiza matamshi ya lugha ya nyumbani katika Kiingereza au Kiswahili.

Kwa nini gari linakuwa kari

Mliosoma sarufi Kidato cha Kwanza mnakumbuka sauti ghuna na sauti sighuna. Ukitamka b, d, g, v na z, nyuzi za koo zinatetema. Ukitamka p, t, k, f na s, zimetulia. Ulimi na midomo inakaa mahali palepale. Tofauti ni koo tu.

Lubukusu haina b, d, g wala j inayosimama peke yake kama ile ya Kiswahili sanifu. Ile b tunayoiandika katika Bungoma au Barasa si kipasuo hata kidogo. Mzee wa kule akiitamka, midomo inakaribiana bila kufungana na hewa inapita katikati. Kwa hiyo akikutana na b ya kupasuka katika lugha ya wageni, anatafuta kipasuo cha midomo alichonacho tayari, nacho ni p. Gari linakuwa kari, dawa inakuwa tawa, vitu vinakuwa fitu.

Lakini ngoja. Mbukusu huyohuyo mbwa kwake ni embwa, mtu ni omundu, kuku ni engokho, na nyumba ni enju. Hapo b, d, g na j zimetoka safi kabisa, kwa sababu mbele ya kila moja kuna nazali inayoishikilia. Anayedai kwamba Mbukusu hawezi kutamka b hajawahi kumsikia akifukuza mbwa. Uwezo upo. Kinachokosekana ni mazoea ya kuitoa bila m kuitangulia.

Na si sisi pekee. Kikalenjin hakitenganishi p na b kama herufi mbili zinazobadilisha maana. Gĩkũyũ haina l. Dholuo haina sh wala z. Kiarabu hakina p, na wenzetu waliofanya kazi Muscat au Dubai wanajua kwamba Pepsi huko ni "bebsi". Kila lugha ina mapengo yake.

Mpwa wangu na simu ya usaili

Jambo hili liliingia nyumbani kwangu kwa mlango wa kazi. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu aliyeolewa Bungoma, alimaliza diploma ya teknolojia ya habari na akaanza kuomba kazi ya kusaidia wateja kwa simu. Kompyuta anaijua. Anaweza kukuelekeza namna ya kurekebisha mtandao wa ofisi huku anamenya viazi. Kampuni moja ya Nairobi ilimfanyia usaili kwa simu, na mwishoni wakamwambia kwamba majibu yake yote yalikuwa sahihi, ila wateja wa ng'ambo "hawatamfuata".

Akanipigia jioni hiyo. "Khocha," akasema, kwa maana kwetu mjomba ni khocha, "hao watu wanasema sisikiki. Wewe unaongea na wazungu kila wiki. Nifundishe. Kuna kampuni nyingine imeniita, nina wiki tano."

Nilimuuliza walikwama wapi hasa. Akaniambia walimpa mchezo wa kuigiza: mteja hawezi kuingia kwenye akaunti yake. Yeye akaeleza kwamba akaunti imekuwa "logged out", kwa hiyo mteja aingie upya kwa nenosiri lilelile. Msaili akasikia "locked out". Wanaofanya kazi hii wanajua umbali uliopo kati ya maneno hayo mawili. La kwanza ni umetoka, rudi. La pili ni umefungiwa, na nenosiri lako huenda linajaribiwa na mwizi. Mteja atakayesikia la pili wakati umesema la kwanza hatalala usiku huo.

Na katika kazi yetu maneno ya aina hiyo yamejaa. Kuna "backup" na "pack up". Kuna "bug" na "pack", "code" na "coat", "ping" na "Bing", "drive" ikiwa "traif". Herufi za nenosiri ndizo mbaya zaidi: B, D, G, P, T na V kwa Kiingereza zote zinaishia kwa sauti moja, na kinachozitenganisha ni ile konsonanti ya mwanzo pekee. Ikipotea hiyo, umebaki na "ii" sita.

Basi tukapatana awe anakuja Kitale kila Jumamosi.

Tulichokiona kwenye skrini

Mimi si mwalimu wa lugha. Lakini kuna programu ya bure inayoitwa Praat, iliyoandikwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, inayochora sauti uione kwa macho. Unarekodi kwa simu, unafungua faili kwenye kompyuta, na neno linatokea kama picha: wakati unakwenda kulia, na nguvu ya sauti inaonekana kwa weusi na weupe. Unaona mahali midomo ilipoachana na mahali koo lilipoanza kutetema, na unaweza kupima nafasi iliyo kati yake kwa milisekunde.

Nafasi hiyo ndiyo siri yote. Mwaka 1964 watafiti wawili wa Marekani, Leigh Lisker na Arthur Abramson, waliipima katika lugha kadhaa. Katika Kiingereza cha Marekani, b ya mwanzo wa neno ilikuwa na wastani wa milisekunde 1 hivi, na p milisekunde 58. Kwa d na t ilikuwa 5 na 70. Kwa g na k ilikuwa 21 na 80.

Soma tena namba hizo polepole. Mwingereza au Mmarekani anaposikiliza mwanzo wa neno, hatafuti sana mtetemo wa koo. Anatafuta pumzi. P yake ina upepo mrefu unaotoka kabla ya irabu, kitu ambacho wanaisimu wetu huita mpumuo. B yake haina upepo huo. Basi.

Nikampimia mpwa wangu. "Back" yake ilikuwa na milisekunde 16, na "pack" yake ilikuwa na 17. Mapacha. Lakini angalia mapacha hao wako upande gani: wako karibu na b ya Mwingereza! P ya Lubukusu haina upepo. Kwa hiyo miaka yote walimu walikuwa wakimkaripia arekebishe b, na sikio la mteja wa ng'ambo lilikuwa linalalamikia p.

Tukakata kipande chembamba cha karatasi, kama risiti ya duka, akakishika mbele ya midomo. Akisema "pack", karatasi iruke. Akisema "back", itulie. Siku ya kwanza ilitulia kote. Nikamwambia apulize kama anayepoza uji, kisha aingize neno ndani ya upepo huo. Alicheka, akasema anajisikia kama anayezima koroboi. Baada ya nusu saa karatasi ilianza kuruka. Tukapima: milisekunde 55. Na "back", ambayo hakuigusa kabisa, sasa ikasikika kama "back". Hakuhitaji b mpya. Alihitaji p iliyo mbali nayo.

Angalizo moja: usipulize baada ya s. "Port" ina upepo, "sport" haina.

Angalizo la pili: msikilizaji Mkenya anasikiliza koo zaidi kuliko pumzi. Kwake yeye unahitaji b yenye mtetemo wa kweli, na hapo ndipo embwa anaposaidia. Sema "mmm-back", m ndefu. Kisha ifupishe. Ifupishe tena hadi m ibaki kichwani tu bila kutoka nje. Koo linakuwa limeshaanza kutetema kabla midomo haijaachana. Fanya hivyo kwa d kwa kuanzia omundu, na kwa g kwa kuanzia engokho. Mwalimu wa kigeni hawezi kukupa zoezi hili, kwa sababu hana kuku wako.

Mwisho wa neno ni habari nyingine

Sasa turudi kwa "logged" na "locked". Hapa karatasi haisaidii, kwani konsonanti iko mwishoni na mara nyingi Waingereza wenyewe hawaipasui. Wanajuaje basi? Wanajua kwa urefu wa irabu. Kabla ya sauti ghuna, irabu inarefushwa. Kabla ya sauti sighuna, inakatwa. "Bag" ina a ndefu kidogo, "back" ina a iliyokatwa kama kwa panga. Ndivyo ilivyo "code" na "coat", "bed" na "bet", "live" na "life".

Na hapa Mbukusu ana mtaji mwingine. Lubukusu hutofautisha irabu fupi na ndefu. Sikio lake limezoea tangu utotoni kupima urefu wa irabu, na ulimi wake unajua kuushika. Nilipomwambia mpwa wangu asiifikirie g kabisa, avute tu o ya "logged" na aikate ile ya "locked", alipata mara ya tatu. Hakuamini. Tulirekodi mara kumi, nikazichanganya faili, nikampigia mama mmoja Mwingereza ninayefanya naye kazi na kumchezea. Alizitambua tisa.

V, z na th

Hizi nitazipitia haraka. Kwa v na z, weka vidole kooni. Tamka f ndefu, kisha washa koo bila kuondoa meno kwenye mdomo: hiyo ndiyo v. S ukiiwashia koo ni z, kama nyuki. Kwa kuwa sauti hizi zinaweza kuvutwa, unao muda wa kuzisikia na kuzirekebisha, tofauti na vipasuo vinavyokwisha kabla hujajua.

Kwa th, Kiswahili kinatosha. Thelathini na dhahabu zina sauti mbili zilezile za "think" na "that". Watu wa pwani wanazo tangu utotoni. Huku bara wengi wetu tunasema selasini na sahabu. Ukijirekebisha katika Kiswahili kwanza, Kiingereza kitakuja chenyewe, na utakuwa umejipatia lugha mbili kwa jasho moja.

Usimwamini hakimu wa kwenye simu

Kuna wanaopendekeza ufanye mazoezi kwa kuisemesha simu na kuangalia inaandika nini. Ni wazo zuri, lakini elewa mashine ile inavyofanya kazi. Haisikilizi konsonanti pekee. Inakisia pia neno gani linafaa katika sentensi. Ukiiambia "pack up your files", inaweza kuandika "back up your files", ukafurahi bure. Tumia neno moja moja, bila sentensi. Hapo itakosa pa kukisia.

Tena mashine hizi hazisikii watu wote sawasawa. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha matokeo ya kupima mifumo mitano, ya Amazon, Apple, Google, IBM na Microsoft. Kwa Wamarekani Weusi mifumo ilikosea kwa wastani maneno 35 kati ya 100, na kwa Wamarekani Weupe 19. Na hao wote wamezaliwa na Kiingereza. Mashine hujifunza kutokana na sauti ilizolishwa. Ndiyo maana nawahimiza mchangie sauti zenu katika mradi wa Common Voice ulioanzishwa na Mozilla mwaka 2017, ambao Kiswahili kimo. Mkienda, msijifanye watangazaji wa redio. Nendeni na lafudhi zenu.

Wamarekani wawili na sikio la Bungoma

Nimewaahidi kompyuta, ndiyo hii. Zahanati moja huku kwetu iliniita kwa sababu wagonjwa walikuwa wanapatikana mara mbili kwenye orodha. Karani anasikia jina, anaandika alivyosikia. Leo ni Wekesa, kesho ni Wegesa. Leo Cheptoo, kesho Chebtoo. Mtu mmoja, kadi mbili, na dawa zilizoandikwa kwenye kadi ya kwanza hazionekani kwenye ya pili. Hilo si la kuchekea.

Nilianza na Soundex, mbinu iliyosajiliwa na Wamarekani Robert Russell na Margaret Odell mwaka 1918 na 1922. PHP na MySQL zinayo tayari. Inaacha herufi ya kwanza ya jina ilivyo, inatupa irabu, na kuzipa konsonanti namba: B, F, P na V ni 1, C, G, J, K, Q, S, X na Z ni 2, D na T ni 3, L ni 4, M na N ni 5, R ni 6. Wekesa na Wegesa wote wanakuwa W220. Cheptoo na Chebtoo wanakuwa C130. Wafula na Wavula, W140.

Tazama makundi hayo. B na P pamoja, D na T pamoja, G na K pamoja, F na V pamoja. Wamarekani wawili, miaka zaidi ya 100 iliyopita, walizikusanya herufi karibu vilevile sikio la Bungoma linavyozikusanya! Sababu ni kwamba zinatamkwa karibu mahali pamoja kinywani, na mwandishi wa jina, awe Pittsburgh au Kimilili, hukosea huko huko.

Ila mbinu hiyo ina mapengo mawili kwetu. La kwanza, herufi ya mwanzo haibadilishwi, kwa hiyo Barasa ni B620 na Parasa ni P620, hawakutani. La pili, L na R zimetenganishwa, kwa hiyo Kariuki ni K620 na Kaliuki ni K420. Nikaandika mistari michache ya kuipa namba hata herufi ya kwanza, na kuziweka L na R kundi moja. Kadi mbili mbili zikaanza kukutana.

Kicheko

Sijasema kitu kuhusu aibu, na ndiyo inayoumiza kuliko konsonanti. Mpwa wangu aliniambia kwamba tangu darasa la sita alikuwa anachagua maneno. Akitaka kusema "big" anasema "large". Akili yote ile inatumika kukwepa herufi moja!

Wasomaji wa Biblia wanaijua Waamuzi sura ya 12. Watu wa Gileadi walishika vivuko vya Yordani, na kila aliyepita aliambiwa aseme Shibolethi. Aliyesema Sibolethi aliuawa, na wakafa 42,000. Konsonanti moja. Huku kwetu pia si hadithi ya mbali. Mwanzoni mwa 2008 uwanja wa maonyesho wa Kitale ulijaa watu waliokimbia makwao, na waliokuwa hapa miezi ile wanajua kwa nini mtu hupunguza maneno akikutana barabarani na kundi asilolijua. Lafudhi ni kitambulisho usichoweza kukiacha nyumbani. Ndiyo maana kicheko cha "kari" huwa hakinichekeshi kwa muda mrefu.

Mpwa wangu alipata ile kazi, kwa majaribio ya miezi mitatu kwanza. Herufi za nenosiri huzitaja kwa alfabeti ya marubani, ile ya Bravo, Delta, Papa, inayotumika kimataifa tangu 1956. Ilitengenezwa kwa sababu hata marubani wenyewe, kwenye redio yenye makelele, hawakusikilizana B na P. Wiki ya pili alipokea simu ya mzee wa Glasgow ambaye hakumwelewa hata neno. Akamwomba kwa upole ataje herufi moja moja. Mzee akacheka, akasema kwamba hata London huwa hawamwelewi.

Kwa hiyo jifunzeni, tena kwa bidii. Anzeni na p, t na k kwa karatasi. Kisha urefu wa irabu mwishoni mwa neno. Kisha b, d na g kwa msaada wa embwa. Dakika 10 kila siku zinashinda saa mbili za Jumamosi. Rekodi, sikiliza, pima. Lakini ukifika Bungoma, ile B ya jina la mji itamke kama bibi yako anavyoitamka, bila kufunga midomo. Mzungu akitaka kuijua, naye ana karatasi.